Nazi ya Kitambaa Chekundu

Bertrams, Johannesburg

Mama yangu, shikamoo. Miguu inaendeleaje, uvimbe umeshuka? Mimi mzima, tena nimenawiri. Mtaani wananiita Mtanashati, na si mimi niliyejiita. Baridi tu ndiyo inayonitafutia ugomvi.

Kazi nimepata, kufagia hekalu la Wahindu kando ya ziwa. Usishtuke, nafagia tu, siabudu. Mungu wao ni wa kike. Wazee wao walikuja na hadithi yake kutoka India: alipotelewa na mwanawe, akalia mpaka machozi yakawa ziwa, na mwana akarudi akielea, kakumbatia nazi. Nikawaambia, mbona ziwa hili lilichimbwa na watu wa migodi? Kuhani akanijibu, "Shika fagio."

Basi mwenye mtoto aliyepotea huifunga nazi nzima kwa kitambaa chekundu, akaitundika kwenye vyuma vya ukingoni. Mtoto akirudi, anaivunja mwenyewe. Mwingine haigusi.

Hilo la mwisho mimi sikuambiwa. Nikaikuta moja imedondoka. Mtoto wa Tanga aione nazi chini aipite? Nikawatangazia wenzangu chumbani: leo mtakula wali wa nazi mpaka mkumbuke kwenu! Kuipasua, eish, nyeusi tii, inanuka. Wananicheka mpaka leo.

Asubuhi akaja mwenyewe, bibi mmoja mjane. Mwanawe aliondoka miaka tisa iliyopita, hajapiga hata simu. "Nazi yangu kaichukua nani?" Nikakiri. Hakugomba. Akanishika mkono. "Ndani ilikuwaje?"

Mama, mdomo wangu unaujua. "Nyeupe, bibi. Tamu."

Akalia kwa furaha. "Basi yu hai. Anakuja."

Kumbe binti yake alikuwa amhamishie kwake Durban, maana anaishi peke yake na magoti yameshakataa ngazi. Sasa bibi kagoma: mwanawe akija akute mlango umefungwa? Kila siku yuko getini hapa hekaluni na chakula cha watu wawili. "Leo?" ananiuliza, kama vile mimi ndiye niliyemficha. Kuhani kaniita: "Mfagiaji, unabii umeuanza lini?" Nikaenda nikamwambia bibi ukweli, kwamba ilikuwa imeoza, nilimdanganya. Akanipiga kikofi cha shavuni, kile cha mapenzi. "Mtundu wewe! Hutaki tu nifurahi."

Yule siwezi tena kumtoa getini. Wewe bado naweza. Nilikuambia Idd nakuja, kibali kimebaki kugongwa muhuri. Hakuna kibali, mama. Walishakataa tangu kabla ya Ramadhani, na nikivuka mpaka sirudi tena kazini. Siji Idd hii. Ya pili siijui.

Msalimie dada Mwanaidi, aache kunifulia mashuka. Mjomba fundi cherehani mwambie ile kanzu asiishone. Na chumba changu, mama, weka mpangaji.

Mwanao Hamisi, na hili sijaongopa.