Nimepania Kubobea Katika Meno ya Mbweha

Jumatatu, 7 Machi 1966

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu: leo, baada ya kulitafakari jambo hili kwa upana wake, nimenunua mswaki. Wa dukani. Wenye mpini mwekundu. Miaka yote nimetumia kijiti, kama baba yangu, na meno hayajalalamika. Lakini mtu anayekwenda kuomba nafasi katika shule ya meno hawezi kuingia Nairobi na kijiti mdomoni kama mchunga mbuzi. Nimeujaribu. Ufizi umetoka damu. Mwanzo mzuri.

Hospitali kama kawaida. Asubuhi majeraha ya risasi, mchana malaria, meno kila tukipumua. Mimi ni dresa tu, mfunga vidonda. Ila tangu mwenzetu wa meno aombe uhamisho kwa kuwaogopa shifta, hao waasi wenye bunduki, koleo la meno limekuwa langu. Nang'oa. Hiyo ndiyo elimu yangu yote: linalouma, litoke. Kuziba sijui. Kunyoosha sijui. Nimepita miaka arobaini, na hao wengine walioitwa kwenye usaili bila shaka wanahesabu ndevu zao za kwanza.

Daktari Njeru, mkubwa wetu hapa Garissa, ndiye aliyenisukuma niombe. Anasema kuna swali lisiloepukika: ukihitimu, unataka kubobea katika nini? Jibu amenipa yeye mwenyewe. Meno ya bandia. Wakubwa wa serikali mpya watazeeka, asema, na hakuna mkubwa anayetaka kuhutubia akiwa kibogoyo. Nimelikariri hadi nyumbani, nikafika kabla ya saa ya kutotoka nje.

Jumatano, 9 Machi

Mazoezi mbele ya Halima, mke wangu. Sentensi ya Daktari ni hii: "Nimepania kubobea katika meno ya bandia." Mimi nasema "nimebania." Ulimi wa Kisomali na herufi P havijawahi kupatana. Daktari amenionya kwamba Nairobi watadhani nimeyaficha meno ya watu.

Halima akajitolea kunisahihisha. "Si nimebania, Baba Yusuf. Sema nimebania."

"Ndivyo nilivyosema. Nimebania."

"Hapana. Sikiliza. Nimebania."

Tumesahihishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake hajui Kiswahili.

Alhamisi, 10 Machi

Mtoto ameletwa kutoka upande wa Sangailu. Wa kiume, bado ananyonya. Wazazi walikwama njiani wakisubiri kibali cha kusafiri, kisha wakasubiri lori la jeshi. Homa kali. Anahara. Mdomo umevimba, hawezi kushika titi.

Nikamfungua mdomo. Nilijua kabla sijaona. Ufizi umechimbwa pande zote mbili, pale jino la chonge linapopaswa kuota baadaye. Usaha.

Sisi wa huku tunalijua jambo hili. Mtoto akihara na kuwaka homa, watu humtazama ufizi, wakaona kivimbe cheupe. Hilo huitwa ilko dacawo. Meno ya mbweha. Ndiyo yanayomla mtoto, wanasema, na dawa yake ni kuyachimbua kwa msumari uliopashwa moto. Kinachotoka ni jino lake mwenyewe la utotoni, halijakomaa, laini kama punje ya mahindi mabichi. Kuhara kunaendelea pale pale.

Mama yake hakulia. Aliniuliza kama kuna kipande cha mbweha kilichobaki ndani, maana hajapona.

Nikaosha jeraha.

Ijumaa, 11 Machi

Amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya swala. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Hapana. Ninaye. Hapo ndipo penye tabu. Mtoto huyu alichimbwa huko huko kwao, na mtu nisiyemjua. Lakini hapa mjini, mikono inayosifiwa kwa kazi hiyo ni ya mama mkwe wangu. Watu humletea watoto hata kutoka Liboi, mpakani. Wanangu wote wamepita mikononi mwake.

Jumamosi, 12 Machi

Nimemwambia Daktari kwamba sitaki tena meno ya bandia. Nitasema watoto. Meno ya watoto wachanga ambayo hayajaota.

Akavua miwani. Hiyo ni dalili mbaya. "Sikiliza, mzee. Nafasi hazitoshi. Wanatafuta watu wa hospitali kubwa. Ukisema watoto watakuona yaya."

Nikamwambia hata yaya ana mshahara.

"Halafu watakuuliza ni nani anayewachimba. Utamtaja mama wa Halima?"

Hapo akanifunga mdomo. Kwetu jina la mama mkwe halitajwi ovyo. Mimi hata nikikutana naye sokoni huinamisha kichwa na kutazama viatu vyake. Viatu vyake navijua kuliko vyangu. Sasa nikamseme mbele ya wageni Nairobi, nimwite muuaji? Nyumba itanikalia vipi? Halima atanitazama na macho gani?

Lakini nimeamua. Naandika hapa ili nisijifanye nimesahau: nitasema watoto. Wakininyima nafasi, wataninyima nikiwa nimesema.

Jumapili, 13 Machi

Mama mkwe amekuja kuniaga. Alikaa na Halima, mimi mlangoni, macho kwenye viatu. Namwita Eddo, yaani shangazi, kama wote wanaomheshimu. Yeye ananiita Dresa, hata baada ya wajukuu wote niliompa.

"Dresa, nasikia wataka kusomea meno. Hujachoka kung'oa?"

"Nataka kujifunza mengine, Eddo."

"Mengine yapi?"

Nikasema meno ya wazee. Waoga hujibu haraka.

"Basi uanze na mimi," akasema. "Yamebaki matatu na hayaelewani."

Halima akacheka hadi akamwaga maziwa. Mimi nikacheka pia. Yeye ndiye aliyemzalisha Halima watoto wetu wote. Mwaka wa njaa alituletea ngamia wa maziwa, akasema ni wa kukopesha, na hajamdai hadi leo. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya.

Jumanne, 15 Machi

Nairobi. Nimefika nikiwa na vumbi hadi kwenye masikio.

Msafara wa magari uliondoka na askari mbele na nyuma. Kwenye kizuizi cha darajani tuliteremshwa sote, Wasomali upande mmoja, wengine upande wa pili. Kibali changu kilikuwa sawa. Mfuko wangu haukuwa sawa. Nilikuwa nimebeba koleo la meno, kwa kudhani shule ingetaka kuona kazi yangu. Askari kijana akaliinua juu.

"Hii ni ya kutesa watu?"

Jibu lilinijia ulimini: wanaonijua husema ndiyo. Nashukuru Mungu nililimeza. Mwenzetu mmoja aliyetania pale mwezi uliopita alilala ndani. Nikasema ni ya meno. Hakuniamini. Akaniamuru nikae chini na mikono kichwani, na dereva wa lori akaanza kuwasha injini. Niliona usaili wangu ukienda na moshi ule.

Akaja sajini. Akaniinamia, akanitazama kwa muda. Akafungua mdomo wake, akanionyesha pengo kwa kidole.

"Ni wewe," akasema.

Sikujua kama ni shukrani au kisasi. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Lilikuwa la upande wa pili," akasema. "Ulikosea, ukarudia." Kisha akanirudishia koleo na kunisukuma kuelekea kwenye lori. Naamini amenisamehe. Sikubaki kuuliza.

Alhamisi, 17 Machi

Nimefanya usaili. Nimechoka. Sitaki kuandika.

Jumanne, 22 Machi

Nyumbani. Nimepata nafasi. Naanza mwezi Mei.

Hospitalini wamenichinjia mbuzi. Nimewasimulia jinsi meza nzima ilivyosimama kunipa mkono, jinsi mwenyekiti alivyosema hajawahi kusikia jibu kama langu. Kila nikisimulia, mwenyekiti anazidi kusimama. Jioni hii karibu alie.

Kwa Halima sijasema lolote. Naye hajauliza. Amegundua kitu. Anapika kimya, na Halima akipika kimya mimi hukosa hamu ya kula.

Ijumaa, 25 Machi

Mvua imeanza. Mto unapanda. Watu wamelala mapema, na mimi nimeona niandike ilivyokuwa, maana simulizi yangu imenenepa hadi siitambui.

Walikuwa watatu mezani. Mwenyekiti aliuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale ya Daktari: unataka kubobea katika nini? Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuandika vibandiko vya chupa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa utaratibu. Lakini kile kichwa kilichojaa maelezo kilimwagika, kikabaki na lile jina la Kisomali peke yake, nami nikalitafsiri neno kwa neno. Nikasema: nataka kubobea katika meno ya mbweha.

Wakatazamana. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole sana kama nilikuwa nimepotea jengo, kwani ofisi ya mifugo iko ng'ambo ya barabara. Hakuwa anatania. Aliinuka hasa, akanyoosha mkono kunionyesha dirishani. Hiyo ndiyo mara ambayo meza "ilisimama." Wengine wawili walicheka hadi mmoja akafuta macho. Nami nikacheka, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Halafu nikawaeleza habari za mtoto wa Sangailu. Sikuzieleza vizuri. Nilirudia maneno, nilisahau nilipoanzia. Lakini nilieleza kile kijino na ulaini wake, na swali la mama. Kicheko kikaisha. Aliyekuwa anafuta macho akaniuliza: wanaofanya hivyo ni nani, waganga matapeli?

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na ndilo jibu walilotaka. Nikasema hapana. Huku kwetu ni mama mkwe wangu, na hachukui chochote, na kila mtoto anayemchimba anamwombea dua kwanza. Nikasema ndiyo maana haitoshi kuwatuma askari wamkamate. Atakuja mwingine mwenye dua na msumari. Lazima awepo mtu wa kwao anayejua meno ya watoto na anayeweza kuketi nyumbani kwao.

Hakuna aliyenipa mkono. Mwenyekiti alisema shule haina somo la jambo hilo na hajui kama litakuwepo. Nitaanza na wengine, nitajifunza kuziba na kung'oa, na habari ya kubobea itazungumzwa nikifaulu. Kama ni nafasi ya hisani au ya haki, sijui. Nimeichukua.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba nilimtaja. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimtazama usoni. Ana macho ya Halima. Sikuwahi kujua.

Akaniuliza yule mtoto alikuwa wa nani. Nikamwambia. Akamwombea. Kisha akaniuliza kama wa kwake, hao aliowachimba yeye, wapo waliokufa.

Nikasema sijui, Eddo. Wapo walioletwa hospitalini. Wapo waliokufa.

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa natazama viatu."

Hakucheka. Mimi pia sikukusudia kuchekesha.

Mwishowe akasema: "Utakuwa Nairobi miaka. Mama akinijia usiku na mtoto anawaka moto, nimwambie nini? Nimwambie amsubiri Dresa?"

Nikamweleza habari ya maji yaliyochemshwa, kunyonyesha bila kuacha, kumleta hospitalini hata kwa kumsumbua askari wa zamu. Alisikiliza. Hakuahidi kitu. Aliniuliza ni maji kiasi gani, nikamwonyesha kwa kikombe chake. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Halima amelala. Kabla ya kulala, akiwa ameshasikia yote kwa mama yake, alinimiminia chai, akakaa karibu.