Maelezo ya Kasian Nikolaus kuhusu mtungi wa chini

Kituo cha Polisi Mikumi, Wilaya ya Kilosa
Tarehe 16/06/2025, saa 3:40 asubuhi

Jina: Kasian Nikolaus Mwegoha
Umri: miaka 39
Kazi: fundi wa upepo
Elimu: darasa la saba, na Lusaka mara mbili
Makazi: Mikumi, kwetu ni Kimamba

Mimi ni mtu wa bahati, afande, naomba iandikwe hivyo hivyo. Nimeshika upepo miaka kumi na minne, kuanzia baiskeli mpaka malori ya Zambia, na hakuna kilichowahi kupasuka mkononi mwangu kikaumiza mtu. Lusaka waliniita Mkono Baraka.

Sasa nipo kwenye uwanja wa bunduki za rangi, kambi moja ya wageni nje ya mji. Watu wanavaa miwani, wanapigana kwa vidonge vya rangi, wanacheka. Kidonge kinasukumwa na upepo wa mtungi mdogo. Kujaza na kufunga mitungi ni kazi yangu. Kugawa bunduki ni kazi ya Vaileth Boniface.

Mitungi ipo ya aina mbili. Shingoni kuna regulata inayopunguza upepo kabla haujaingia kwenye bunduki. Mmoja unatoa presha ya mia nane hamsini, kwa bunduki zetu za zamani. Mwingine unatoa mia nne hamsini, kwa zile tano mpya zilizokuja Mei. Geji haikusaidii, maana yote ikijaa inasoma elfu tatu. Lazima usome shingoni.

Mnamo tarehe 14/06/2025, Jumamosi, saa 2 asubuhi, niliona rafu ya juu imelegea. Nikateremsha mitungi ya mia nane hamsini, kwa kuwa ni mizito, nikaipandisha ile mingine. Sikumwambia mtu.

Saa 5:15 ilifika kamati ya harusi kutoka Kilosa, wamekuja kujipongeza. Katibu wao, Herman, ni fundi cherehani. Vaileth alimpa bunduki mpya, akaniambia, "Kaka Kasian, hii ifungie ya chini."

Nilikuwa nawasimulia wageni habari za Lusaka. Vaileth akasema, "Mdomo huo ungejaza mitungi, tungeokoa mafuta ya kompresa." Watu wakacheka, hata mimi. Herman akasema, "Nipeni silaha jamani, mwenyekiti ananikimbia!"

Nikainama, nikachukua mtungi wa rafu ya chini, nikaufunga. Vaileth alimaanisha presha ya chini, ile ya mia nne hamsini.

Naomba nisimame kidogo, kiti hiki kinachoma.

Herman alipiga mara mbili. Mara ya tatu kifuniko cha mbele cha bunduki kiliruka na kumvunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Aliketi kwenye nyasi, akasema, "Nina sare za shule za kushona."

Meneja, Mama Odilia, alikuja mbio. Nikamuuliza Vaileth mbele yake, "Ulisema ipi?" Nilijua alichosema. Mama Odilia akamwambia, "Kasian miaka kumi na minne hajapasua hata puto. Kosa ni lako." Akamsimamisha kazi papo hapo na kutoa jina lake hapa kituoni.

Vaileth aliniambia, "Kaka, si useme." Nikachukua spana, nikakaza nati ambayo ilikuwa imekaza.

Jana nimekwenda mpaka Kimamba na kurudi, sina shughuli huko. Leo nimemkuta hapo nje kwenye benchi, mtoto mgongoni. Akaniamkia kama kawaida. Sikuweza kukaa naye.

Nimeulizwa kama nilisoma shingoni. Sikusoma.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya, sikulazimishwa. Na ile bahati ni uongo. Mwaka 2019 nilipasua tairi la trekta Kimamba, Mathias Sempele akavunjika mguu, nikahama kabla hajatoka hospitali.

Sahihi: K. N. Mwegoha

Nimeyaandika mimi, WP Koplo Debora, na kumsomea shahidi, akakubali. Nilimuuliza kama aya ya kwanza, ile ya bahati, ifutwe. Amesema ibaki, Mama Odilia aisome.