Tulimzika, Tutamzika

Muhuru Bay, 4 Machi 2024

Dada Awino,

Natumaini mguu umepata nafuu. Sisi tuko wazima wa mwili tu. Mwanangu Levis amefariki huko Beira, Msumbiji, kwa homa ya siku tatu. Jumamosi rafiki yake Mtanzania, baharia, alinipigia kwa simu ya Lurdes, mke wa Levis, kisha akampa aongee. Lurdes anajua Kireno tu. Alilia akirudia neno moja, kama "enteralo", kisha laini ikakatika. Huyo rafiki ameshaingia baharini, hapatikani. Ningekupigia, lakini masikio yako najua hayasikii tena. Wewe ulikuwa nesi kule miaka kumi na moja. Alisema nini? Mwili unakuja?

Mdogo wako, Milka

Homa Bay, 7 Machi

Milka wangu,

Pole, mama. Nimelia mpaka jirani akaja. Huyo mtoto alizaliwa mikononi mwangu.

Neno hilo ni la kuzika, lakini yako mawili. Enterrámo-lo ni tulimzika. Enterrá-lo-emos ni tutamzika. Lurdes ni mwalimu, anaweza kusema hilo la pili, la vitabuni. Mpigie, umwambie "repita, por favor", yaani rudia tafadhali, nawe upige makofi kama unavyofundisha watoto wa nasari. En-ter-rá-mo-lo: makofi matano, uzito uko kwa rá, halafu sauti inashuka. En-ter-rá-lo-e-mos: makofi sita, uzito uko kwa e, silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyokaza Kiswahili. Hiyo lo ndiye Levis. Katika la pili wamemweka ndani ya kitenzi.

Sikiliza polepole.

Dada yako, Awino

Muhuru Bay, 11 Machi

Dada,

Habari ya huko? Lurdes amerudia mara tatu. Makofi sita, uzito kwa e. Ken na binamu zake wamemchimbia ndugu yao kaburi kando ya la baba yake. Dorine amefunga duka mpaka kaka yake afike.

Mdogo wako, Milka

Homa Bay, 2 Aprili

Milka,

U mzima? Wiki tatu hujaandika. Ken amenitumia ujumbe kwamba kaburi liko wazi na mvua inaingia. Nilimwandikia padri niliyefanya kazi naye Beira, na jana amejibu. Levis alizikwa Ijumaa, siku moja kabla hujapigiwa simu.

Basi nilikufundisha vibaya. Kireno chenyewe nimekisahau, na sikisikii tena. Nisamehe.

Dada yako, Awino

Muhuru Bay, 6 Aprili

Dada,

Hukukosea. Yalikuwa makofi matano. Mara zote tatu, matano, na sauti ikashuka baada ya rá. Nilipokata simu, Ken alikuwa mlangoni na jembe. Akauliza, "Mama, wanamleta?" Nikasema ndiyo. Halafu nikakuandikia sita, ili iwe imeandikwa mahali. Kila asubuhi niliamka nikiwa mama wa mtu aliye njiani.

Jana niliwaambia ukweli. Dorine alitoka nje. Ken alichukua ndoo, akaenda kutoa maji kaburini.

Wazee wamesema tuzike yago, lile tunda refu tunalozika badala ya mtu ambaye mwili wake haukurudi. Ni Alhamisi. Naomba uje. Lurdes atakuwa kwenye simu, na hapa hakuna wa kumweleza tunachofanya. Wewe utasema. Jibu lake nitalisikiliza mimi, na safari hii nitakuandikia lilivyo.

Mdogo wako, Milka