Pumzi ya Yaya Kahindo

Jumanne, 2 Julai
Sijamwambia mtu hili. Mama anajua naenda kujifunza kushona. Mimi naenda kucheza catch, mieleka ya kulipiwa kiingilio. Leo tena. Kufagia vestiaire tunamovalia, kusalimia wakubwa mmoja mmoja, kunyamaza. Ndiyo kazi ya mdogo. Yaya Kahindo, dada mkubwa wa kikundi chetu, amesema Jumapili nitapanda ringi kule Beni. Mara yangu ya kwanza. Ataniinua juu ya kichwa. Hakuna pombe kabla ya kuinua mtu: sheria yake mwenyewe. Namwamini kuliko ninavyojiamini.

Jumatano, 3 Julai
Bega limetoka. Wamelirudisha. Nyumbani nimesema pikipiki.
Aliponiinua mazoezini, uso wangu ulipita karibu na wake. Kasiksi, pombe ya ndizi. Harufu ya ndizi zilizochacha. Mikono ikamtetemeka, nikaanguka nje ya mkeka. Wengine waliona kuanguka tu.
“Mutoto alichelewa kuruka,” akawaambia. “Batoto ba sasa habasikiye. Mudogo, omba pardon.”
Sikuchelewa. Nilingoja anitazame. Alitazama ukuta. Nikapiga magoti, nikaomba.

Alhamisi, 4 Julai
Sili. Namchukia. Miezi mitano nimefua nguo zake kwa furaha.

Ijumaa, 5 Julai
Nafasi yangu amepewa Mbambu, mwenzangu wa mazoezi. Kwanza wivu. Halafu hofu. Ni yeye sasa atakayeinuliwa.

Jumamosi, 6 Julai
Nimekwenda kwa kina Mbambu, mtaa wa Rughenda. Nilipita mlango wao mara tatu kabla ya kubisha. Nikamwambia yote.
“Akikushika, nusa kwanza. Ukisikia kasiksi, usiruke.” Asiyeruka hainuliki, kila mmoja wetu anajua.
“Weye! Ninuse Yaya kama mbuzi?”
Alicheka. Halafu akaona bega langu, akaacha.

Jumapili, 7 Julai
Mbambu amepiga simu kutoka Beni. “Sikuruka,” akasema.
Yaya alimvuta mara mbili, akashindwa. Watu wakapiga miluzi. “Koko, rudi ku nyumba!” Koko, yaani bibi. Hana hata miaka arobaini. Wakubwa walipomuuliza Mbambu, alijibu aliogopa tu. Hakutaja pombe. Hakunitaja. Yaya hakumkaripia. Alikaa kwenye benchi, kiatu kimoja mkononi, hadi wenzake wakapanda gari.
Nilidhani nitafurahi. Nimemlilia Yaya, mdomo ndani ya kitenge ili Mama asisikie.
Hilo, daftari, usimwambie mtu.