Chokea ya Hamisi

Jumanne, 11 Februari 1992
Chai tayari. Duka nimefagia, cherehani nimefungua. Hamisi kaamka na jicho la kushoto limevimba, kijipu pembeni mwa ukope. Chokea. Mume wangu anatunga uzi kwa jicho moja, ulimi nje. Nampenda hata hivi.

Jumatano, 12 Februari
Hamisi anasema chokea ni neno la kuchoka. Jicho limechoka na kanzu za watu. Mwalimu Fransisi, jirani yetu anayefundisha Kifaransa, alileta suruali kupunguzwa. Yeye anaiita orgelet, maana yake kipunje cha shayiri, kwa kuwa kijipu kinafanana nacho. Nimependa hilo.

Mama mkwe kakataa yote mawili. Marehemu mama yake, mtu wa Ujiji, alimfundisha kuwa chokea humtoka aliyemnyima mjamzito chakula. Akamuuliza Hamisi kamnyima nani. Hamisi akaapa hajamnyima mtu. Mimi nikainamia pindo la suruali.

Alhamisi, 13 Februari
Jicho limefumba kabisa. Kazi zimelala. Mama mkwe amewataja wajawazito wote wa mtaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kula na Hamisi.

Naogopa. Mwezi wa tatu huu sijaona siku zangu. Mimba mbili zilitoka baada ya sisi kushangilia. Hii niliamua kuibeba kimya. Na Jumapili iliyopita, pale Nyamirambo kwa muuza mishikaki, niliomba brosheti ya mwisho. Hamisi akaila huku anacheka.

Ijumaa, 14 Februari
Muuguzi wa dispanseri kasema tukande kwa maji ya moto, tusikamue. Baada ya swala nikamlaza Hamisi, nikamwekea kitambaa jichoni. Mama mkwe akaingia, akafunga mlango.

"Mwanangu, alikunyima nini?"

Aliyeulizwa ni mimi. Machozi yakanitoka.

"Brosheti, mama."

Kisha Hamisi, chini ya kitambaa: "Ile ya Jumapili?"

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hamisi hakucheka. Alikaa, kitambaa kikaanguka, akanishika mikono yote miwili. Akauliza kwa nini niliogopa peke yangu. Nikamweleza. Sikujua ningekuwa mwepesi hivi baada ya kusema.

Jumapili, 16 Februari
Chokea imepasuka yenyewe alfajiri. Hamisi anaona. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nimekula brosheti alizoninunulia Hamisi nikashiba. Mwalimu Fransisi anasema ni maji ya moto. Sibishani na yeyote.

Mchana mvua. Mama mkwe kaja kujilaza kando yangu. Akanisimulia juu ya mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya Hamisi akaishi wiki moja tu. Aliitwa Salma. Miaka yote niliyokaa nyumba hii sijawahi kulisikia jina hilo. Alilitaja tena, polepole, kisha akasinzia. Nimemfunika kwa kitenge.