Nusu Dola ya Papa Amani

Jumatatu, 3 Juni
Shifti ya asubuhi Quakers Hill, kwenye makao ya wazee huku ughaibuni: wawili kuogesha, mmoja kubembeleza anywe dawa. Nimefika nyumbani Rooty Hill saa tisa. Chai. Taa. Lenzi. Hata yunifomu sijavua.

Sarafu ya leo si yangu. Ni ya Papa Amani wa kanisani, yule Mkongo wa Merrylands anayeendesha forklift. Jirani yake mzee alifariki akamwachia kwenye wosia: nusu dola ya Marekani ya madini ya fedha, ya 1827. Anataka kuiuza amkatie mama yake tiketi kutoka Bukavu. Viza imetoka, nauli ndiyo hana. Hawajaonana miaka kumi na minne.

"Wewe ndiye unajua hizi vitu, ndugu yangu," akaniambia. Najua kiasi tu. Hilo sikumwambia.

Jumanne, 4 Juni
Enzi hizo mihuri ya kuchapia sarafu ilitengenezwa kwa mkono, kwa hivyo kila muhuri una kasoro zake. Nyota imepanda kidogo, tarakimu imelala upande. Kwa kasoro hizo ndiyo unajua sarafu ilitoka kwenye muhuri upi, na kama muhuri huo ni wa kawaida au ni adimu.

Nimeiweka kando ya yangu, ya mwaka huo huo. Yangu ni ya kawaida kabisa, niliinunua nikiwa bado mshamba wa mambo haya. 2 yake ina kitako kilichonyooka, kama nyingi za 1827. Ya Papa Amani, kitako kimejikunja! Nimeruka kwenye kiti. Hizo ni chache. Mama kaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Mama yuko hapa tangu Aprili, kutoka Machakos. Hajatulia hata siku moja. Sufuria zangu zote sasa zinang'aa nje na ndani, hata ile niliyodhani ni nyeusi tangu kiwandani.

Jumatano, 5 Juni
Yamenikuta.

Niliziacha zote mbili mezani. Mimi mwenyewe. Ng'ombe mimi. Nimerudi kutoka kazini nikakuta moja tu, nyeupe pe, inametameta kama kijiko cha dukani. Waya wa kusugulia sufuria uko kwenye sinki.

Ule utando wa kijivu wa karibu miaka mia mbili ndio wanunuzi wanautaka. Ukiusugua hauwezi kuurudisha. Kwisha.

Nilipiga kelele. Nilimpigia Mama kelele, mimi, na umri huu. Nilimwambia ameharibu safari ya mama wa watu. Aliniangalia tu, akaingia chumbani akafunga mlango. Yangu haionekani. Ipotelee mbali, sina haja nayo.

Alhamisi, 6 Juni
Mama hajala nami. Kanifunikia ugali na sukuma mezani, yeye yuko chumbani. Papa Amani amepiga simu mara mbili. Sijashika. Mwoga.

Kazini nimemvalisha mzee mmoja sweta nyuma mbele. Amevumilia, maskini.

Ijumaa, 7 Juni
Off. Nimeamka nimeamua: leo naenda Merrylands kusema ukweli. Nimeoga, nimevaa, nimechukua ile sarafu. Nikasema wacha niitazame, nijue nitamwambia imebaki nini.

2 ina kitako kilichonyooka.

Nikafuta lenzi kwa shati. Nikatazama tena. Kimenyooka. Nikaangalia nyota moja moja, nikafungua picha nilizopiga Jumanne. Ni yangu! Ile yangu ya kishamba! Siku mbili nalia na sikuwa hata nimeangalia tarakimu. Mtaalamu mzima! Nimecheka peke yangu jikoni.

Halafu nikashtuka. Ya Papa Amani iko wapi?

Nikagonga mlango wa Mama. Nikamuuliza polepole. Akashika pembe ya leso yake, akafungua fundo kwa meno. Ikatoka. Ya kijivu, chafu, nzima.

Alisugua moja, mikono ikamuuma. Ya pili akaifunga kwenye leso kwa sababu kwake pesa haiachwi ovyo mezani. Angeisugua kesho yake.

Mbona hukuniambia, Mama?

"Hukuniuliza. Ulinipigia kelele."

Nimepiga magoti. Nimeomba msamaha kwa Kikamba, Kiswahili kisingetosha. Kaniacha hapo kidogo, kisha kasema niinuke, sakafu ina baridi. Tumekunywa chai pamoja. Sijawahi kunywa chai tamu hivi.

Jumanne, 11 Juni
Mjini na Papa Amani, kwa treni. Muuzaji wa sarafu ni mama mmoja wa Kizungu asiye na haraka hata kidogo. Aliigeuza, akafungua kitabu, akaigeuza tena. Papa Amani alinishika mkono kama tuko kwa daktari. Mwishowe yule mama akataja aina ile ile ya kitako kilichojikunja niliyoandika kwenye karatasi yangu. Akasifu kwamba haijawahi kusuguliwa. Nikatazama viatu vyangu.

Bei inatosha tiketi, na koti la baridi juu yake, maana huku Juni ndiyo baridi. Tumetoka nje, Papa Amani akakaa kwenye ngazi za watu akalia. Nikakaa naye. Nilikuwa mwepesi, yaani ningepigwa na upepo ningeenda.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya ibada nikamweleza yote: waya, sinki, leso. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza Mama anaondoka lini. Nikasema baada ya wiki mbili.

"Usimupigie kelele tena," akasema. "Mimi mwenzako, miaka kumi na ine mama yangu hajanigombeza uso kwa uso."

Nimeomba likizo, wiki zote mbili. Meneja amekubali bila maswali.

Jioni hii Mama kanisema kwa kuacha viatu mlangoni. Kisha nywele zangu. Kisha kwamba sijaoa. Nimevuta kiti nikakaa karibu, nikamsikiliza mpaka mwisho.