Sauti ya Nafula Ndani ya Kinanda

Jumanne, 5 Machi 1996

Nafula,

Nimeanika omena, dagaa zangu za sokoni, nimezigeuza mara mbili, nimefagia stoo. Barasa na Odongo walikuja saa tisa kama kawaida, Barasa na ngoma zake, Odongo na gitaa. Wiki ya sita tangu tukuzike kule Marachi, mwanangu. Nilifikiri bendi yenu itavunjika. Haikuvunjika. Imekosa mwimbaji tu.

Leo Odongo amekumbuka kinanda chako, kile kidogo ulichonunua ng'ambo, upande wa Uganda. Hakina hata waya wa stima, ni cha betri tu. Kilikuwa chini ya kitanda chako. Sikuwa nimekigusa. Odongo amekiwasha, amebonyeza kibonye kimoja.

Ukaimba.

Nilikaa chini, palepale kwenye gunia.

Ijumaa, 8 Machi

Barasa amenieleza taratibu. Kinanda kina kitundu cha kupokea sauti. Kabla ya Krismasi uliimba "aaa" mara moja, nacho kikaishika. Ukibonyeza upande wa kulia sauti inapanda, kushoto inashuka. Ni hiyo "aaa" moja tu, lakini Odongo anaipitisha kwenye wimbo mzima wa roki. Maneno hakuna. Gitaa linanguruma, ngoma zinalia kama mabati yanayong'olewa na upepo, na wewe uko juu ya vyote.

Jumamosi ya wiki ijayo watapiga Malaba, kwenye uwanja wa hoteli, karibu na pale malori yanaposubiri kuvuka mpaka.

Walipoondoka nilibonyeza peke yangu. Kulia kabisa ulikuwa mtoto wa miaka minne, ukiniita kutoka chooni kwa sababu ya mjusi. Kushoto kabisa ulikuwa mwanamke mzee. Nilikaa na huyo mzee muda mrefu. Sitamwona kwingine.

Jumatano, 13 Machi

Kinanda kinachoka. Sauti yako inatetemeka.

Jirani yetu mzee alisimama mlangoni kusikiliza. "Mama Nafula, huyu mwimbaji wenu anakula nini siku hizi? Betri?" Barasa akamjibu, "Afadhali yeye, mzee. Haombi soda kama wewe." Watu walicheka. Mimi pia. Mara ya kwanza tangu Januari. Kisha nikaona aibu.

Barasa anataka kukurekodi kwenye kaseti. Redio yake iko kwa fundi. Amesema tutafanya baada ya Malaba.

Alhamisi, 14 Machi

Jua kali leo. Niliwaza juu ya betri. Za tochi na redio zikichoka huwa tunazianika, zinapata nguvu ya siku mbili tatu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukizipanga juu ya bati ukiwa mdogo, unazihesabu kama vifaranga.

Nikageuza kinanda. Ulikuwa umebandika plasta nyeupe ya zahanati juu ya kifuniko cha betri. Nilidhani kifuniko kimelegea. Nikaibandua polepole kwa ukucha, nisiichane. Betri tano. Nikazipanga kwenye gunia kando ya omena, na kila nilipogeuza omena nikazigeuza nazo. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nakufanyia kazi.

Saa kumi nikazirudisha. Nikabonyeza. Kikalia kama kengele ya baiskeli. Nikajaribu vibonye vyote, kimoja kimoja, kulia mpaka kushoto.

Hukuwepo.

Ijumaa, 15 Machi

Nilitaka kusema kimeharibika chenyewe. Nimewaambia ukweli.

Barasa akasema, "Mama, betri zikitoka kinasahau kila kitu. Ndiyo maana alibandika plasta. Nilidhani alikuambia."

Hukuniambia. Malaria ilikuchukua kwa siku nne. Katika siku hizo nani angezungumza habari ya betri?

Odongo alitoka nje akapiga ndoo teke. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Sina hasira na wewe, mama." Alikuwa nayo. Simlaumu.

Nimekuzika mara mbili. Mara hii kaburi nilichimba mwenyewe.

Kabla ya kuondoka Barasa aliweka kinanda mezani. "Kesho tunangojewa. Tuwekee 'aaa' yako, mama. Moja tu." Nilikataa.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi nimeimba. Sikutaka waende Malaba mikono mitupu kwa kosa langu. Mara ya kwanza nilikohoa, kinanda kikashika kikohozi, Odongo akakipiga kama wimbo. Akacheka kidogo. Nilishukuru. Mara ya tatu ikakaa.

Malaba vumbi tupu. Madereva wamekaa kwenye kreti za soda. Wengine wakapiga kelele, "Wekeni lingala!" Mmoja akauliza, "Mwimbaji yuko wapi? Amekwama kastamu mpakani?"

Odongo akabonyeza kulia, karibu na mwisho. Sauti yangu ikapanda, ikawa nyembamba, ikarudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Ikawa ya msichana. Haikuwa yako, Nafula. Nilisikiliza kwa makini sana. Ilikuwa ya mtu wa nyumba yetu, lakini haikuwa yako.

Wengine waliondoka katikati. Wengine walibaki. Dereva mmoja akauliza anayeimba ni nani. Odongo akasema, "Ni mama na binti yake."

Alikosea. Ilikuwa ya mama tu.

Jumapili, 24 Machi

Mvua imeanza. Omena ziko ndani, nyumba yote inanuka.

Kinanda kiko juu ya kabati. Nimebandika plasta yako tena. Haishiki vizuri, nimeongeza nyingine juu yake. Nimebonyeza kushoto kabisa. Kuna mwanamke mzee humo, lakini siye yule. Ni mimi, nitakavyokuwa.

Betri hizi hazina siku nyingi. Sitazianika.

Ulikokwenda, Nafula, unikumbuke.